Wenye Gambuti na Tepu

Mkaguzi wa mazingira haji mtaa wa Tassia, Nairobi, na king'ora. Huja na gambuti, tepu ya kupimia na ripoti nene ya mjenzi, akashuka ukingo wa Mto Ngong katikati ya mifuko ya plastiki na uvundo wa maji taka. Anatafuta alama ya mafuriko ya juu kabisa, maana kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilianzia hapo: zilikataza ujenzi kwa umbali wa angalau mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande wa mto. Mwenye ploti huziona mita hizo kuwa nyingi mno, hadi zije mvua za mafuriko kama za Aprili 2024.

Swali gumu ni la ukuta wa mawe unaotakiwa kujengwa ukingoni: ukiokoa ploti hii, maji yatahamia kwa nani ng'ambo? Ripoti ya mjenzi aghalabu hulipita haraka. Mkaguzi hulirudia, kisha husoma pingamizi za wapangaji dhidi ya ujenzi huo, nyingine zimeandikwa kwa mkono.