Ngome ya Makombe

Jiwe la kokina likitoka machimboni utalidharau. Limelowa, lina vitundu kila upande, na ukilitazama kwa karibu ni vipande vya makombe ya baharini vilivyogandamana na mchanga kwa maelfu ya miaka. Mtu mwenye shoka kali hulikata bila kutoka jasho jingi. Pwani ya Florida, kwenye mji wa St. Augustine, Wahispania hawakuwa na jiwe jingine la karibu, na kwa hilo hilo wakajenga Castillo de San Marcos.

Kabla yake walikuwa wamejenga ngome tisa za mbao. Zote ziliisha, hii kwa kuoza, ile kwa moto. Mwaka 1668 maharamia wa Robert Searle wakaupora mji, na miaka miwili baadaye Waingereza wakapiga kambi Charleston, upande wa kaskazini. Malkia Mariana wa Hispania akakubali kutoa fedha za ngome ya mawe, na Oktoba 1672 msingi ukachimbwa.

Anayetajwa sana ni mhandisi Ignacio Daza. Alichora mraba wenye buruji nne zilizochongoka pembeni, kila moja ikiulinda ukuta wa mwenzake, hata adui asipate kona ya kujibanza. Mchoro ni wa kusifiwa, wala sibishi. Ila Daza alifariki mwaka 1673 na kazi kubwa ikaisha 1695. Miaka yote ile ya katikati ni ya waashi, wakata mawe na wachoma chokaa.

Tulikwenda kuitazama kifamilia, na baba mkwe wangu, fundi mwashi wa Lamu aliyestaafu, alikuwa amekuja kututembelea. Watoto walipanda juu kwenye mizinga. Yeye alibaki chini, mikono nyuma, akiutazama ukuta kama anayesoma barua.

“Babu, njoo uone mizinga!”

“Itazameni nyinyi, wajukuu zangu. Mimi niacheni kidogo na hawa wenzangu.”

Wenzake walikuwa wamekufa zaidi ya miaka mia tatu. Nikasimama naye. Alinionyesha jinsi mawe yalivyofungamana, kiungo cha mstari wa juu kikikaa katikati ya jiwe la chini, ili ufa ukianza usipate njia ya kushuka. Alinionyesha pia ukuta unavyolalia ndani kadiri unavyopanda. Chini unene wake unazidi mita 3. “Aliyelaza haya,” alisema, “alikuwa na timazi, na hakuwa na mtu wa kumharakisha.”

Kuharakisha kusingewezekana. Mawe yalikatwa kisiwa cha Anastasia, ng'ambo ya ghuba, yakavutwa kwa mikokoteni ya ng'ombe hadi ufukweni na kuvushwa kwa vyombo. Kisha yaliachwa yakauke. Kokina huwa gumu maji yakishatoka. Ukilijenga bichi umejiharibia. Baba mkwe hakuhitaji kuelezwa hilo. Waashi wa pwani yetu nao zamani walichonga matumbawe ya baharini yangali na maji, wakajenga nayo mihrabu na fremu za milango, na hewa ikamalizia ugumu.

Chokaa nayo ilitokana na makombe ya chaza yaliyochomwa kwenye tanuu. Kazi hii ina moto mkali, vumbi linalochoma macho na usiku mwingi wa kukesha. Kumbukumbu za ujenzi zinamtaja mateka mmoja Mwingereza, John Collens, aliyechoma chokaa upesi kuliko wengine wote. Mafundi wengine waliletwa kutoka Havana. Na hapa pasemwe wazi: mzigo mzito uliwaangukia Wenyeji wa Marekani kutoka vijiji vya misheni, Watimucua, Waguale na Waapalachee, waliotolewa makwao kwa zamu za lazima na kulipwa kiasi kidogo, pamoja na wafungwa na Waafrika waliokuwa watumwa wa mfalme. Uzuri wa kazi yao haufuti namna walivyotendewa, na jinsi walivyotendewa haiufuti uzuri huo.

Mtihani ulikuja 1702. James Moore wa Carolina aliuzingira mji kwa karibu miezi miwili, watu wapatao 1,500 wakiwa wamejibana ndani ya ngome. Mji uliungua, ngome ikabaki. Mwaka 1740 James Oglethorpe wa Georgia akaipiga kwa mizinga karibu mwezi mzima. Jiwe gumu lingepasuka na kumwaga vipande. Kokina, kwa sababu ya vile vitundu, lilibonyea pale pale lilipopigwa, na tufe la chuma likazama ukutani na kukaa humo. Udhaifu uliolidharaulisha jiwe machimboni ndio uliowaokoa watu.

Ndani, napenda zaidi vyumba vya matao. Hapo mwanzo dari ilikuwa ya mbao, ikaoza kama zile ngome tisa. Kuanzia 1738 wakaanza kuiondoa na kujenga matao ya mawe, yenye nguvu ya kubeba mizinga mizito juu. Baba mkwe alikaa humo muda mrefu kuliko popote, shingo imeelekea juu, hadi watoto wakamfuata.

Ngome hii ilibadilisha bendera kwa mikataba: 1763 kwa Waingereza, 1784 ikarudi Hispania, 1821 ikawa ya Marekani. Kwa vita haikutekwa hata mara moja. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno 1593, Ureno ilipokuwa chini ya mfalme wa Hispania, haikubahatika hivyo. Waomani waliitwaa 1698.

Lipu nyeupe iliyofunika kuta sasa imetoka karibu yote, na kokina limebaki wazi kwa mvua na upepo wa chumvi. Ukienda, tazama mawe kabla ya mizinga, na usiegemee wala kukwaruza ukuta. Jiwe lililomeza matufe ya Oglethorpe humomonyoka kwa vidole vya wageni.