Simu inasema geti limefungwa. Nani kaiambia?

Kila kifaa cha kufungulia geti kwa simu kinakuja na kijitabu, na kila kijitabu kina ukurasa wa matatizo. Kushoto tatizo, kulia dawa. Kifaa hakipatikani? Zima ruta, hesabu mpaka thelathini, washa. Geti halijibu? Zima kifaa, subiri, washa. Programu inaonyesha geti liko wazi wakati limefungwa? Futa programu kwenye simu, ipakue upya. Nimesoma kurasa za namna hii za kutosha, za mageti ya kuteleza tunayoyaona Dar na Nairobi na za milango ya gereji ya Marekani, ambako vifaa hivi vina soko kubwa, na nimefika mahali nasema: ukurasa huu ni mbovu kuliko kifaa chenyewe.

Kuzima na kuwasha kunasaidia, na hapo ndipo ubaya ulipo. Kifaa kinarudi hewani, unashukuru Mungu, unaenda kulala. Kilichokiangusha hakijulikani, maana kumbukumbu yake imeshafutika pamoja na ushahidi wote. Wiki ijayo kinaanguka tena, na kijitabu kina jibu lile lile.

Kifaa chenyewe ni kitu kidogo kuliko sifa zake. Kwenye bodi ya mota ya geti, au ya mlango wa gereji, kuna matundu mawili ya waya yaliyoachwa kwa ajili ya swichi ya ukutani. Waya hizo zikigusana kwa nusu sekunde, mota inaelewa kwamba mtu amebonyeza. Fundi anachukua rilei ya Wi-Fi, anaiunganisha hapo hapo kwenye waya za swichi, na sasa rilei inazigusanisha kwa niaba yako. Basi. Ni kidole chenye Wi-Fi. Hakijui geti ni nini, wala kama kuna gari katikati.

Sasa fuata safari ya amri. Umesimama mita tatu kutoka getini, unabonyeza. Amri inatoka kwenye simu, inakwenda mnara wa mtandao, inakwenda kwenye seva ya kampuni ambayo huenda iko bara jingine, inarudi mpaka kwenye ruta yako sebuleni, inarushwa hewani mpaka kwenye rilei, rilei inagusanisha waya, bodi inaamsha mota, mota inasukuma geti. Kila kiungo hapo kinaweza kukatika kwa sababu yake, na programu ina maneno mawili tu ya kuelezea yote: kifaa "kinapatikana" au "hakipatikani".

Hata hayo mawili yana walakini. Vifaa vingi vya aina hii vinaongea na seva kwa utaratibu uitwao MQTT. Kifaa kinaahidi kutoa ishara ya uhai kila baada ya muda fulani, na kanuni ya MQTT inaitaka seva ingoje mara moja na nusu ya muda huo kabla ya kuhesabu kwamba kifaa kimepotea. Ahadi ikiwa ni sekunde 60, basi kwa sekunde 90 simu inaweza kukuonyesha kifaa kiko hai na kumbe kimeshazimika. Kanuni yenyewe sina ugomvi nayo; bila subira hiyo kila mtikisiko mdogo wa mtandao ungekuwa msiba. Ninachogomba ni programu kukuficha muda. Ingeandika tu "nilimsikia mara ya mwisho sekunde 70 zilizopita", ungejua la kufanya.

Kubwa zaidi ni neno "limefungwa". Kifaa kinajuaje? Kwenye mageti yetu mara nyingi ni swichi ya sumaku: kipande cha sumaku kwenye geti, swichi kwenye nguzo, na vikikaribiana swichi inatoa taarifa. Kwenye milango ya gereji ya Marekani, ile inayopanda na kulala chini ya dari, kuna pia kihisi cha mwinamo chenye betri kinachobandikwa mlangoni. Kikiwa wima, mlango umefungwa; kikilala, mlango uko juu. Ni ujanja mzuri na wa bei nafuu. Ila swichi ya sumaku haijawahi kusema "geti limefungwa". Inasema "sumaku iko karibu nami". Gundi ikilainika kwa jua, sumaku ikabanduka na kunasa kwenye nguzo ya chuma pale pale kando ya swichi, simu itakuambia limefungwa usiku kucha na geti liko wazi kama mdomo wa mamba.

Hapa tukae kidogo, kwa sababu kuna kosa la usanifu ambalo ukurasa wa matatizo hauligusi kabisa. Taa ina hali mbili na amri mbili. Iambie "zima" mara tano, itazimika na kubaki hivyo. Kidole chetu cha Wi-Fi hakina amri ya "funga". Kina mbonyezo mmoja tu, na bodi nyingi za mota zinautafsiri kwa zamu: fungua, simama, funga, simama. Kitufe kilichoandikwa "Funga" kwenye simu ni programu inayojiuliza: kihisi kinasema wazi? Haya, bonyeza. Sasa kama kihisi kimekosea, geti lilikuwa limefungwa salama, wewe ukiwa ofisini unabonyeza "Funga", na geti linafunguka. Umelifungua mwenyewe, kwa kujali.

Ongeza mtandao wa kusuasua. Programu inatuma amri, haipati jibu, inatuma tena. Geti linapokea mibonyezo miwili: linaanza kwenda, linasimama njiani. Kijitabu kinaita hali hiyo "geti halijibu" na kukutuma kwenye ruta. Jamani, limejibu mara mbili! Waliosoma kompyuta watakumbuka somo hili mapema kabisa darasani: amri inayopita kwenye njia isiyoaminika inapaswa kuwa salama hata ikirudiwa. Baadhi ya bodi za mota zina tundu la kufungua tu na tundu la kufunga tu, kwa hiyo rilei ya njia mbili na waya mmoja wa ziada ingemaliza habari. Sijaona kijitabu kinachomwambia mnunuzi hivyo. Na kuna ndugu yake wa tatizo hili: rilei iliyoachwa kwenye mpangilio wa swichi ya taa inagusanisha waya na kuziacha zimegusana. Kwa bodi, hicho ni kidole kilichoganda kwenye kitufe, na nyingine hapo hazisikilizi tena hata rimoti. Unaambiwa ubadilishe betri ya rimoti.

Mfano wa nyumbani. Mama mkubwa ana geti la kuteleza, Dar, lenye kifaa cha kampuni ambayo sitaitaja. Kwa miezi miwili kilikuwa kinapotea hewani, hasa jioni. Huduma kwa wateja walimwambia awashe ruta upya. Alipopiga tena wakamwambia ruta ni ya zamani, anunue nyingine. Akanunua. Nilipopita kumsalimia, hata chai sijamaliza, akaniambia: "Mwanangu, hii Wi-Fi uongo mtupu. Geti likianza kufunguka tu, nayo inakufa."

Geti likianza kufunguka tu. Mgonjwa alikuwa ameshajieleza, na kwa miezi miwili hakuna aliyemuuliza.

Mota yake inakula betri ya volti 12 iliyomo ndani ya kasha, ambayo inachajiwa na umeme wa nyumba ili geti lifanye kazi hata umeme ukikatika. Rilei nayo ilikuwa imefungwa kwenye betri hiyo hiyo. Fundi wa mtaani alichomoa chaja, akaweka mita: volti 12.5, safi kabisa. Nikamwomba aache mita pale pale huku tunafungua geti. Ikaporomoka chini ya 9. Betri iliyochoka inapata ukinzani mkubwa wa ndani. Ikipumzika inaonyesha namba za kupendeza, ikipewa kazi inazama. Hesabu yake ni ya kidato cha nne. Mota ikivuta ampea 15 wakati wa kuanza, na ukinzani wa ndani umefika omu 0.25, volti 3.75 zinapotelea ndani ya betri yenyewe. Betri nzima, yenye ukinzani wa moja ya kumi ya huo, isingepoteza hata nusu volti. Mota ilivumilia upungufu ule, rilei haikuvumilia. Chipu yake inazimika, inawaka upya, inaanza kutafuta Wi-Fi, na kwenye simu inasomeka "haipatikani". Jioni ndiyo saa ya wapangaji wa uani kurudi mmoja mmoja, kwa hiyo betri haikupata nafasi ya kupumua.

Angalia sasa jinsi dawa ya kijitabu inavyojithibitisha yenyewe. Kifaa kimepotea. Unazima ruta, unawasha, dakika mbili zinapita. Katika dakika hizo mota imetulia, betri imepanda, rilei imejiwasha, kila kitu kiko hewani. Unaapa kwamba ni ruta! Ungekaa dakika mbili unakunywa maji bila kugusa chochote, matokeo yangekuwa yale yale. Mwanasayansi yeyote angedai jaribio la kulinganisha. Ukurasa wa matatizo haudai, na sidhani ni bahati mbaya. Lawama ikiwa kwenye ruta, haiko kwa aliyeuza kifaa.

Wi-Fi nayo si malaika. Geti liko mwisho wa uwanja, rilei iko ndani ya kasha, katikati kuna ukuta wa tofali na karatasi ya chuma. Vifaa vingi vya bei nafuu vinasikia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, kwa hiyo ruta ikirusha ya 5 tu, havitaiona. Nguvu ya mawimbi inahesabiwa kwa desibeli, na kila desibeli 10 ni mara kumi: kutoka −50 sebuleni hadi −80 getini, nguvu imepungua mara elfu moja. Namba hii chipu inaijua yenyewe. Wapo watengenezaji wanaoionyesha ndani ya programu, nawapa heko. Wengine wanakuchorea vimstari vitatu vya kijani.

Halafu kuna kiungo ambacho mwenye nyumba hawezi kukigusa hata akiwa na mita: seva. Marekani wameshaonja. Mwaka 2017 mteja wa kifaa cha milango ya gereji kiitwacho Garadget aliandika maoni makali mtandaoni, na mwanzilishi wa kampuni akakikatia kifaa chake njia ya kufikia seva. Baada ya kelele, akairudisha. Aprili 2023 taasisi ya usalama wa mitandao ya Marekani, CISA, ilitoa tahadhari kuhusu vifaa vya Nexx: nywila moja ilikuwa imeandikwa ndani ya vifaa vyote, kiasi kwamba mtu wa mbali angeweza kufungua milango ya watu asiowajua. Mwaka huo huo Chamberlain waliziba njia ambazo programu za watu wengine zilikuwa zinatumia kufikia huduma yao ya myQ, na mradi wa Home Assistant ukaiondoa myQ kwenye orodha yake. Chamberlain walikuwa na hoja yao, kwamba sehemu ndogo mno ya watumiaji ilikuwa inazalisha zaidi ya nusu ya mzigo wa seva, na mimi siidharau hoja hiyo. Lakini mzigo huo ulikuwepo kwa sababu kila swali kuhusu mlango wa nyumbani lililazimishwa kwenda kuulizwa kwa kampuni. Rilei na simu zikiwa kwenye ruta moja, hakuna sababu ya kifizikia ya kuzipitisha ng'ambo.

Kuna jambo moja ambalo haliingii kwenye utani. Marekani, mota za milango ya gereji za majumbani zilizotengenezwa kuanzia 1993 zinatakiwa kisheria kuwa na kinga ya mtu asibanwe, na kinga ya kawaida ni macho mawili ya miale karibu na sakafu: mwale ukikatwa, mlango unarudi juu. Jua likiangaza moja kwa moja kwenye jicho, au buibui akijenga hapo, mlango unakataa kushuka, na wapo wanaoyafunga macho hayo kwa waya ili "kutatua tatizo". Mageti mengi ninayopita mtaani hayana macho hayo kabisa. Geti la chuma lisilo na macho, mimi nisingeliunganisha na simu kwa namna yoyote, kwa sababu anayebonyeza hayupo pale, na watoto wanapenda kucheza kwenye reli ya geti.

Ukurasa wa matatizo wenye adabu ungeanzia getini na kurudi nyuma. Bonyeza swichi ya ukutani. Geti likienda, mota na bodi vina afya. Kisha bonyeza simu, sikiliza rilei. Ikilia "tik" na geti halisogei, tatizo liko kwenye waya; intaneti haihusiki. Isipolia, pima volti mota ikiwa inafanya kazi, usipime ikiwa imelala. Soma nguvu ya mawimbi pale pale rilei ilipo. Funga geti kwa mkono huku unatazama simu, uhesabu sekunde mpaka neno libadilike. Ruta iwe ya mwisho. Na kabla hujazima chochote, andika saa, piga picha taa za kifaa zikiwa vile vile. Ukipiga simu huduma kwa wateja na picha hiyo mkononi, wakakuambia uzime ruta, waulize kwanza ile taa nyekundu inayowaka mara tatu ina maana gani.