Mikono ya Msondo

Ukitoka Kibada ukashika njia ya Mwasonga mpaka harufu ya bahari ikakupokea, umefika Kimbiji. Zamani ilikuwa Temeke, leo ni Kigamboni. Watu wa mjini wanaijua kwa viwanja, na kwa visima virefu vilivyochimbwa ili Dar es Salaam ipate maji. Madalali hawana habari na ngoma za huko, na sishangai, maana ngoma haipimwi kwa hatua wala haina hati. Mimi nataka kumsifu mwanamke anayezipiga. Sisemi anayezicheza. Mchezaji amesifiwa vya kutosha, tena mara nyingi kinachosifiwa ni kiuno chake tu.

Mtu wa Dar es Salaam ukimtajia msondo, anafikiria bendi: Msondo Ngoma, ile iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikapita katika JUWATA na OTTU kabla ya kutulia na jina hilo. Wapinzani wao wa Mlimani Park, bendi ya mwaka 1978, wakajulikana kwa jina la Sikinde, nayo ni ngoma ya Wazaramo. Jukwaani karibu wote ni wanaume, wamesimama na magitaa na matarumbeta. Lakini msondo wenyewe, ile ngoma ndefu yenye ngozi upande mmoja, ni ngoma ya unyago. Ni mali ya mwali na makungwi wake. Wanaume wamelivaa jina la ngoma ya wake zao na mama zao, wakalitembeza nchi nzima, na hakuna aliyeuliza mwenyewe yuko wapi.

Mwenyewe alikuwepo. Unguja alikuwepo Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, mzaliwa wa Mfagimaringo, aliyefariki Aprili 17, 2013 akiwa bibi kizee ambaye hata mwaka wake wa kuzaliwa ulibaki kubishaniwa. Dunia ilimjua kwa sauti, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX huko Ulaya. Nyumbani walimjua pia kwa mikono. Alikuwa somo wa unyago. Ngoma aliifunga kiunoni kwa kanga, ikasimama mbele yake katikati ya miguu, akaiegemea kidogo na kuipiga kwa viganja vitupu. Ukimtazama kwenye picha za video za miaka yake ya mwisho, utaona mwili mwembamba ambao ungedhani upepo wa kusi ungeuangusha, na chini yake mlio ambao vijana wa mazoezi hawautoi. Hapo ndipo hoja ya nguvu inapokufa. Tumeambiwa ngoma inataka kifua na misuli. Kama ni hivyo, ajuza yule alikuwa akiitoa wapi?

Aliitoa kwenye kiganja kinachojua pa kutua. Kimbiji nimemtazama mama mmoja akiandaa ngoma kabla ya shughuli. Jina lake nalihifadhi, hakuniomba nimwandike. Kazi ilianza kwenye moto, kabla ya pigo la kwanza. Aliwasha makuti makavu, akangoja ndimi za moto zishuke, ndipo akaisogeza ngoma, uso wake ukiutazama moto kwa mbali. Hakuilaza wala hakuiacha ikae mahali pamoja. Aliizungusha taratibu, huku kidole cha kati kikigonga kwenye ukingo, tena na tena, kichwa kimeinama. Kijana mmoja alimhimiza, wageni wamefika. Hakumjibu. Ngozi iliyolegea hutoa mlio wa kuzama, na iliyopashwa hutoa mlio mkavu, wa kukata. Kati ya mkavu na kupasuka kuna nafasi ndogo sana, na ngozi ikipasuka shughuli imelala. Tena pale ni pwani. Upepo wa usiku unaleta unyevu, na ngozi iliyoiva saa mbili usiku imeshalegea saa tano. Basi moto hauzimwi, na mpigaji anapiga huku akiisikiliza ngozi inavyobadilika chini ya mikono yake, aamue lini aitoe uwanjani airudishe motoni bila wachezaji kupoteza mguu.

Kisha kuna kupiga kwenyewe. Katikati ya ngozi, kiganja kizima, unapata ule mvumo unaoingia tumboni. Ukingoni, kwa vidole vilivyonyooka, unapata mlio wa juu. Ukibana ngozi kwa mkono mmoja na kuipiga kwa mwingine, mlio unakatika. Hayo mtoto atayajua kwa wiki moja. Kinachobaki huchukua miaka: kujua lini usipige. Mama yule aliacha mwanya mara kwa mara, mfupi kiasi cha pumzi, na chapuo la jirani yake likaujaza. Ukilingojea pigo pale, haliji. Ukishakata tamaa, linakudondokea. Watu walikuwa wakiutumbukiza mwili mzima kwenye mwanya ule. Wapigaji wengi wanaume niliowasikia, na wamo hodari kweli, wana haraka ya kuujaza wao wenyewe.

Sasa kwa nini tunasema ngoma ni za wanaume? Wahenga walishasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ndani ya ua, kwenye mambo ya mwali, mwanamke alipiga apendavyo na hakuna aliyemwambia mikono yake haifai. Tatizo lilianzia nje, penye hadhara, penye kutunzwa. Mdundiko, ngoma ya hadhara, hautulii, unatembea mtaa hadi mtaa, watoto wanaufuata hadi wanapotea, usiku unawakuta wapigaji mbali na kwao, na noti zinabandikwa kwenye vipaji vya nyuso. Mwanamke hakukatazwa ngoma kwa sababu hawezi. Alikatazwa safari, usiku na hela, halafu sababu ikatafutwa baadaye.

Sababu zenyewe hazikubaliani hata kati ya majirani. Dodoma, katika muheme wa Wagogo, wanawake ndio wanaobana ngoma mapajani na kuzipiga wakiwa wamesimama, na ukimwambia Mgogo kwamba hiyo ni kazi ya kiume atakushangaa. Burundi ngoma za kifalme ziliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, na Oktoba 2017 ikatoka amri ya rais kwamba wanawake wasizipige. Kuvuka mpaka tu, Rwanda, ambako nako ngoma ilikuwa ya wanaume, Odile Gakire Katese alikuwa ameshaunda Ingoma Nshya tangu 2004, kundi la wanawake wa Huye. Waliketi pamoja wajane wa mauaji ya 1994 na wake wa waliohukumiwa kwa mauaji hayo, wakapiga. Nchi mbili ndugu, ngoma za ukoo mmoja, hukumu mbili. Mila ingekuwa imeandikwa kwenye ngozi ya ng'ombe, pande zote mbili zingesoma maneno yaleyale.

Kwetu hakuna amri. Kuna mazoea, na mazoea ni magumu zaidi kwa sababu hayana wa kumpelekea rufaa. Mama wa Kimbiji hakatazwi na mtu. Ila anapoitwa kwenye harusi ya Mbagala au Tandika, mwenye shughuli anazungumza bei na kijana anayebeba ngoma, na yeye anadhaniwa amekuja kuitikia. Akishapiga usiku kucha, asubuhi anatarajiwa jikoni, kwenye sufuria za pilau, pamoja na wanawake wengine. Wapigaji wanaume wamelala ukumbini.

Basi wewe msomaji ambaye una mwali wa kutoa au kijana wa kuoza mwaka huu: ukienda kutafuta ngoma upande wa kusini, uliza nani anaipiga, si nani anaibeba. Patana na mwenye mikono, umlipe malipo ya fundi, umtengee mahali pa kulala. Makuti makavu ya moto wake uyaandae mapema, maana mvua za Kigamboni hazina taarifa.