Vidole Vitatu Mkononi

Tabibu wa Kichina wa jadi hana haraka ya kutoa dawa. Kwanza humtazama mgonjwa rangi ya uso na ulimi, husikiliza sauti na pumzi yake, hata harufu yake huizingatia, kisha humhoji habari za usingizi, kiu na choo. Mwisho huweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono: cha shahada, cha kati na cha pete. Hugusa kidogo, hukandamiza, kisha huzamisha. Mkono wa kushoto huulizwa habari za moyo, ini na figo. Wa kulia, mapafu, wengu na figo tena. Katika karne ya 3 Wang Shuhe alipanga aina 24 za mpigo: unaoelea, uliozama, unaoteleza, uliokaza kama uzi wa gambusi. Naistahi sana kazi hii ya vidole, maana kitabu peke yake hakimfundishi mtu kuhisi. Lazima akae na mwalimu, ashike mkono uleule ambao mwalimu ameuachia sasa hivi.

Msingi wa tiba hii umo katika Huangdi Neijing, mkusanyiko wa mafundisho ulioanza kupata umbo yapata miaka elfu mbili iliyopita. Humo qi, nguvu ya uhai, hupita mwilini katika njia zake, na yin na yang hupokezana kama kivuli na jua. Mapokezano yakivurugika, mtu huugua. Mzee wa pwani anayetenga vyakula vya baridi na vya moto asingetaabika kuelewa.

Hata hivyo, aliyenifanya niipende tiba hii ni Li Shizhen wa Hubei, mtoto wa tabibu, aliyeanguka mara tatu katika mtihani wa kuingia utumishi wa dola. Mwaka 1564 aliandika juu ya mpigo, akafikisha aina 27. Wakati huo alikuwa tayari ndani ya kazi kubwa zaidi, aliyoianza 1552 na kuimaliza 1578: Bencao Gangmu, yenye dawa 1,892. Alisoma mamia ya vitabu, lakini pia aliwaendea wavuvi, wawindaji na wakata kuni, akawauliza.

Tao Hongjing, mwanachuoni aliyemtangulia kwa miaka elfu moja, alikuwa ameandika kwamba kakakuona hufungua magamba yake, huwanasa sisimizi ndani, kisha huingia majini na kuwala wanapoelea. Li alimpasua kakakuona. Tumboni alikuta sisimizi wa kujaza kipimo cha kama lita moja, akaandika kwamba mnyama huyo huwavuta kwa ulimi. Maneno ya Tao hakuyafuta. Yamo kitabuni, na ya kwake yamefuata.

Kitabu kilichapishwa 1596, Li akiwa ameshafariki. Magamba yenyewe yaliendelea kutumiwa kama dawa, na uwindaji ukamfuata kakakuona hadi misitu ya Afrika, jambo linaloniuma. Mwaka 2020 China iliyaondoa katika orodha ya malighafi za kitabu chake rasmi cha dawa.