Nimetoka Kurushwa Hewani London!

Jamani, sijaketi tangu niingie ndani! Jasho hadi kwenye kope, viganja vinawaka, miguu haitaki kabisa kutulia. Nimetoka sasa hivi Cecil Sharp House, pale Camden, London, kucheza dansi za kijijini za Waingereza, na wewe mwenzangu lazima uende. Lazima!

Mimi nilikuwa na ile picha ya sinema: glavu nyeupe, watu wanainamiana taratiiibu. Wapi! Fidla ikalia, kodiani (naam, kodiani, ile ile ya taarab) ikadakia, ukumbi mzima ukachomoka. Sakafu ya mbao inanesa, inakurudishia kila hatua, utadhani kuna kiganja chini kinakusukuma juu, na bado!

Wala usiseme hujui kucheza. Kuna mwitaji. Kwanza anawatembeza polepole bila muziki, halafu ngoma ikikolea anaita kila mzunguko kabla haujafika, na wewe unashtukia miguu imeshakwenda.

Sasa sikia hii, Cumberland Square Eight. Jozi nne, mraba. Mnashikana mikono wawili wawili, mnakimbia kiubavuubavu, mnapishana na wenzenu katikati hadi upepo wao unakupiga mgongoni, mnarudi. Kisha kikapu! Watu wanne mnafumana mikono migongoni, mguu wa kulia ndani, wa kushoto unasukuma, kasi, kasi, kasi zaidi, taa zinageuka mistari, na mimi, wallahi, nikaiacha sakafu. Nilikuwa naelea! Nilipiga kelele za furaha kama mtoto kwenye bembea, na bado!

Bibi mmoja mwenye mvi ndiye aliyenipa siri. Aliniambia, "Nipe uzito wako." Niegemee nyuma, nimwachie mwili, yeye aegemee kwake. Nikasita. Nikampa. Mama yangu, wepesi ule! Tulizunguka kama pia, mimi na mtu nisiyemjua hata jina, na wala hakuna aliyemvuta mwenzake. Katika usiku wote huo, hilo ndilo ninalolihisi mpaka sasa mikononi.

Halafu mwitaji akatangaza Gathering Peascods, dansi ya kuchuma njegere, iliyomo kwenye kitabu cha John Playford cha 1651. 1651! Duara kubwa. Wanaume wanaingia katikati, paa! kofi moja. Wakirudi nyuma, wanawake tunaingia, paa! Vinyweleo vilinisimama, maana ni mchezo ule ule, na kofi lilitoka moto, bichi, kama limebuniwa jana.

Na sijakusimulia Strip the Willow, unavyorushwa mkono kwa mkono mstari mzima, unamrudia mwenzio, unarushwa tena, na bado!

Vaa viatu vyepesi. Beba maji, beba na shati la kubadili. Mkono wako wa kulia nimeshauwekea nafasi kwenye kikapu.