Almasi ya Hope: Jiwe na Porojo Zake

Atajwapo almasi ya Hope, iliyomo katika makumbusho ya maumbile ya Smithsonian mjini Washington, msikilizaji hukumbuka laana. Ni hasara kwa jiwe. Kisa hicho kilikuzwa na magazeti na wauza vito, Pierre Cartier akiwa mmoja wao, ili kumvutia mnunuzi. Na tangu Harry Winston alipoitoa hidaya mwaka 1958, makumbusho yamepata wageni tu.

Porojo zimefunika lililo bora. Buluu yake, mfano wa maji makuu magharibi inapoingia, yatokana na chembe chache za boroni. Ilitoka India ikiwa na karati zipatazo 115. Leo ni 45.52. Si kila mkato ulikuwa dhuluma: mchongaji wa Louis XIV alitafuta nuru. Aliyeikata baada ya wizi wa 1792, yaelekea, alitafuta kuificha, kama mnakili afutaye jina la mtunzi.

Kilichosalimika ni cha ndani. Ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, kisha giza likaachwa litande, jiwe hili la buluu huwaka jekundu kama kaa, kwa nukta kadhaa. Ubeti huo, katika ukumbi uliojaa taa, hausomeki.