Shingo ya mtoto: damu izuiwe kabla ya safari ya Eldoret

Mtoto wa kilo 12 ana damu isiyotimia lita moja. Kila kilo hubeba takriban mililita 80. Akiangukia kijiti kikamchoma shingoni, leso iliyolowa damu ni sehemu kubwa ya alichonacho. Wala presha haimsemi: hubaki ya kawaida mpaka apoteze robo ya damu au zaidi. Moyo unaokwenda mbio na vidole vya baridi ndivyo hutangulia kusema.

Kitale hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, ni kama kilomita 70 kupitia Moi's Bridge. Bungoma, kupitia Webuye na Turbo, ni karibu 100. Kwa safari hiyo, chombo ninachokiamini ni mpira wa mkojo.

Madaktari wa Afrika Kusini wameutumia kwa miaka mingi kwenye majeraha ya visu. Kidole kikiwa bado kimekandamiza kidonda, mpira husukumwa taratibu kufuata njia ya jeraha. Puto lake hujazwa maji yaliyotakaswa, kidogo kidogo, hadi damu ikome, kisha ngozi hushonwa kuuzunguka ili usichomoke. Tazama tundu la mpira: damu ikiendelea kutoka humo, chanzo kiko ndani zaidi ya puto. Ikikauka, tundu hubanwa. Kwa mtoto maji ni machache mno, maana puto likizidi linasonga njia ya hewa.

Kitu kilichobaki kidondani hakichomolewi. Huenda ndicho kilichoziba mshipa.

Mwaka 1956 madaktari wa Dallas, Marekani, walionyesha kwamba kuchelewa kupasua kunaua. Ikawa desturi kufungua kila shingo iliyotobolewa kupita msuli mwembamba wa chini ya ngozi, na nyingi hazikukutwa na kitu. Sioni sababu ya kuirudia desturi hiyo kwa watoto. Damu inayoruka, uvimbe unaokua, hewa inayobubujika kidondani: huyo ni wa thieta mara moja. Aliyetulia apigwe picha ya CT ya mishipa na apimwe tena na tena, umio usisahaulike, kwa sababu tundu lake likigunduliwa baada ya siku nzima, usaha huwa umeshaanza kusambaa kifuani.

Basi ambulensi isitoke Kitale wala Bungoma kabla ya daktari wa upasuaji wa Eldoret kupigiwa simu, na anayejua kukandamiza kidonda akae nyuma na mtoto, si mbele na dereva.